Pai Iliyokataa Kuganda

Kila aliyepata kuacha sufuria ya supu ya makongoro jikoni hadi asubuhi anaijua jelatini, hata kama hajapata kulisikia jina lake. Huku kwetu Uganda supu hiyo twaiita molokoni. Jioni huwa ni supu ya kunywa. Alfajiri, ikiwa usiku ulikuwa na baridi, huwa imeshikamana, yatikisika ukiigusa, na kijiko chasimama wima ndani yake. Kilichoigandisha hakikutoka nje. Kilitoka katika mifupa, kano na ngozi ya mguu wa ng'ombe, ambamo mna protini iitwayo kolajeni. Ichemshwapo kwa saa nyingi, nyuzi zake hulegea na kuyeyuka. Supu ipoapo, nyuzi hizo hujisuka upya na kuyafunga maji katikati yake. Hiyo ndiyo jelatini. Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, katika kitenzi chenye maana ya kugandisha kwa baridi, na kitenzi chetu "ganda" chafanya kazi ileile bila taabu yoyote: barafu huganda, mafuta huganda, maziwa huganda, na makongoro nayo huganda.

Nimeanza na makongoro kwa sababu makala haya yahusu chakula ambacho kwa sura kiko mbali nayo kabisa, yaani pai ya Kimarekani ya mananasi, nyepesi kama povu la sabuni, inayoliwa wakati wa sikukuu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kabati la somo la sayansi kimu katika shule niliyokuwa nikifundisha, niliokota kijitabu cha mapishi cha Kimarekani cha miaka ya 1950, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai. Tulikuwa katika matayarisho ya karamu ya walimu ya kufunga mwaka, siku chache kabla ya Krismasi, nami nilikuwa nimeahidi kuleta kitu kitamu cha kumalizia chakula.

Kijitabu kilitaka nanasi la kopo. Nilicheka. Ya nini kununua kopo kwa bei ya kuruka, nami naishi katika nchi ambayo mananasi ya Kayunga na Luweero hupangwa kwa mafungu kandokando ya barabara? Nilichagua nanasi bivu lenye harufu ya kuita nyuki, nikalimenya, nikaliponda, kisha nikafuata kila neno lililobaki kwa uaminifu wa mwanafunzi wa darasa la kwanza. Sahani ililala jokofuni usiku kucha. Asubuhi ilikuwa uji. Nikaongeza pakiti nzima ya jelatini, nikangoja hadi saa nane mchana. Uji ulikuwa uleule. Karamuni tuliinywa pai hiyo kwa vikombe, na wenzangu, kwa adabu yao, wakaisifu kuwa ni kinywaji kizuri.

Kosa lilikuwa langu, wala si la kijitabu. Lakini sikulielewa mpaka nilipoanza kuuliza chakula hiki kilitoka wapi, na kwa nini waliokiandika waliandika walivyoandika.

Kwa karne nyingi huko Ulaya jelatini ilikuwa chakula cha wakubwa. Si kwamba miguu ya ndama ilikuwa ghali. Kilichokuwa ghali ni kazi. Ilipasa kuichemsha siku nzima, kuengua mafuta, kuichuja supu kwa kitambaa, kuitakasa kwa ute na maganda ya mayai hadi iwe angavu kama kioo, kisha kuitia sukari, divai na limau, na kuimimina katika vibao vyenye umbo la ngome au taji. Baada ya hapo ilihitaji mahali pa baridi. Basi nyumba iliyoweza kuwawekea wageni jeli mezani ilikuwa imewaonyesha, bila kusema neno, kuwa ina watumishi wengi jikoni na barafu ghalani. Njia nyingine ilikuwa kutumia utando wa kibofu cha samaki aitwaye stajoni, lakini huo nao haukuwa wa kila mtu.

Wataalamu wengine walitamani kukigeuza chakula hicho kiwe cha maskini. Mfaransa Denis Papin alieleza mwaka 1681 chombo chake cha kuchemshia mifupa kwa mvuke uliofungiwa, ambacho ndicho babu wa sufuria zetu za presha. Mwanzoni mwa karne ya 19 hospitali za Paris zililisha wagonjwa supu ya jelatini ya mifupa, kwa imani kwamba ni sawa na nyama. Wagonjwa walilalamika. Tume ya wanasayansi chini ya François Magendie ilichunguza jambo hilo kwa miaka, na mwaka 1841 ikatoa ripoti kwamba jelatini peke yake haiwezi kumtunza kiumbe: mbwa waliolishwa hiyo tu walikonda na kufa. Leo twajua sababu, kwamba ni protini iliyopungukiwa. Yafaa jambo hili likumbukwe na wanaoisifu jeli ya watoto kuwa ni chakula cha kujenga mwili.

Marekani ndiko jelatini iliposhuka daraja na kuingia kila nyumba. Peter Cooper, tajiri wa New York mwenye kiwanda cha gundi, alipata hataza mwaka 1845 ya unga wa jelatini uliotiwa ladha, wa kumiminiwa maji ya moto tu. Gundi na jelatini ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo si ajabu kwamba wazo lilimjia yeye. Hakulifuatilia; alikuwa na shughuli nyingine nyingi. Mwaka 1897, katika mji mdogo wa LeRoy katika jimbo la New York, fundi seremala Pearle Wait, aliyekuwa pia akitengeneza dawa za kifua, alitengeneza unga wa jelatini wenye sukari na ladha za matunda, na mkewe May akaupa jina la Jell-O. Hawakuwa na fedha za kuutangaza. Mwaka 1899 waliuza jina na biashara kwa dola 450. Mnunuzi, Orator Woodward, alitia fedha katika matangazo ya magazeti na katika vijitabu vya mapishi vilivyogawiwa bure, nyumba hadi nyumba. Nadhani hapo ndipo utajiri ulipokuwa. Unga haukuwa kitu bila maelezo, na maelezo yaliandikwa kwa lugha rahisi kiasi kwamba msichana aliyeolewa jana aliweza kuyafuata.

Jelatini isiyo na ladha nayo ilikuwa na bwana wake, Charles Knox wa Johnstown, mji uliojulikana kwa ngozi na glavu, ambako mabaki ya ngozi hayakukosekana. Alipofariki mwaka 1908, mjane wake Rose Knox alishika usukani wa kampuni. Yasimuliwa kwamba siku zake za kwanza ofisini aliamuru ufungwe mlango wa nyuma uliokuwa wa wafanyakazi wanawake, akisema wanawake na wanaume watapita mlango mmoja. Alidumu kazini hadi uzee wake na kufariki mwaka 1950, naye pia alieneza bidhaa yake kwa vijitabu vya mapishi.

Pai yenyewe ilikuja baadaye. Katika miaka ya 1920 mwokaji wa Los Angeles, Monroe Boston Strause, alikuwa akichukizwa na pai za krimu za zamani, ambazo alizona nzito na za kubandika ulimi. Akachanganya uji wa moto wa wanga wa mahindi na ute wa mayai uliopigwa hadi ukasimama, akapata pai ndefu, nyepesi, iliyoitwa ya shifoni kwa jina la kitambaa kile chepesi ambacho dada zetu hujitandia sherehe. Strause hakuhitaji jelatini. Ila wapishi wa nyumbani, ambao hawakuwa na mkono wake, waligundua kwamba pakiti moja ya jelatini huishikilia povu isilale, na tangu miaka ya 1930 pai ya shifoni ya vitabuni ikawa zaidi ni pai ya jelatini. Ilifaa sana kwa sikukuu. Yatengenezwa siku moja kabla, haihitaji joko saa ile ambapo bata mzinga amelishika, na yawekwa katika jokofu la umeme, chombo ambacho Mmarekani wa wakati ule alipenda kuwaonyesha wageni. Ile ya maboga ililiwa katika Siku ya Shukrani mwezi wa Novemba. New York ilikuwa na yake ya Krismasi, yenye njugu za chesnati na matunda yaliyokaushwa kwa sukari, iliyobeba jina la Nesselrode, mwanadiplomasia wa Urusi wa karne ya 19. Na ile ya mananasi ilikuwa ya mtu yeyote mwenye kopo kabatini.

Kopo ndilo jibu. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho kazi yake ni kukatakata protini. Ndicho kinachochoma ulimi ukila nanasi jingi, na ndicho kinachoilainisha nyama iliyolazwa katika maji ya nanasi. Papai lina chake pia, nayo tangawizi mbichi vilevile. Ukilitia nanasi bichi katika jelatini, kimeng'enya huanza kuikata kamba kabla haijafungwa, na ukiongeza pakiti ya pili umekiongezea chakula. Lakini joto hukiua. Nanasi la kopo limekwisha kuchemshwa kiwandani, kwa hiyo halina madhara. Mwandishi wa kijitabu hakueleza hayo, maana wasomaji wake wengi walilijua nanasi la kopo kuliko lile lenye maganda; aliandika "kopo" kama sisi tuandikavyo "maji" bila kusema ni ya bomba au ya mvua. Mimi nilitafsiri maneno yote ya mapishi yale isipokuwa lile moja lililobeba kazi.

Mwaka uliofuata nililichemsha nanasi dakika tano, na pai ikaganda. Niliikata kwa majivuno. Hapo mwalimu mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa huku kwetu, alinivuta kando. "Samahani, Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "hii jelatini imetoka kwa mnyama gani?"

Sikuwa na jibu. Tulisoma pakiti pamoja. Iliandikwa jelatini, basi. Ukweli ni kwamba huko Ulaya na Marekani ngozi ya nguruwe ni mojawapo ya mali ghafi kuu za jelatini, pamoja na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Na hata ya ng'ombe, Mwislamu atataka kujua alichinjwaje. Ipo jelatini iliyothibitishwa kuwa halali, lakini pakiti ile haikuwa na thibitisho lolote. Mwenzangu hakulaumu. Aliirudisha sahani yake mezani polepole, akaifunika kwa kitambaa cha karatasi. Mimi nilikuwa nikikumbuka mwaka uliotangulia, kikombe alichokunywa na maneno mazuri aliyoyasema, na jinsi ambavyo hatukuwa na njia ya kukirudisha. Kwa muda wa wiki nzima sikuweza kumtazama vizuri katika chumba cha walimu. Yeye ndiye aliyenijia.

"Kwetu," akasema, "tungetumia mwani."

Mwani anaousema ni ule unaotoa agari, kitu ambacho jina lake limetoka katika Kimalai. Hupatikana kwa kuchemsha aina fulani za mwani mwekundu, na huuzwa kwa nyuzi kavu nyeupe au kwa unga. Wajapani husimulia kwamba katika karne ya 17 mwenye nyumba ya wageni alitupa nje mabaki ya jeli ya mwani usiku wa baridi kali. Ikaganda, ikayeyuka juani, ikakauka, naye akagundua kuwa yaweza kuchemshwa tena. Huko pwani yetu, nyuzi hizo ndizo zinazotumika kugandishia faluda, ile ya maziwa, iliki na sukari, itengenezwayo katika Ramadhani na sikukuu ya Idi. Faluda ni neno la Kiajemi, na huko Uajemi na Bara Hindi lataja vinywaji na vitamu vya tambi. Mombasa limetulia juu ya kitu kinachotikisika sahanini. Msomaji asije akachanganya mwani huu na ule unaolimwa Unguja tangu mwaka 1989, katika Paje na Jambiani, ambao kwa sehemu kubwa husafirishwa nje kwa ajili ya kutoa karajinani. Hiyo nayo hugandisha na hutumika katika vyakula vya maziwa, lakini haifanyi kazi sawasawa na agari.

Tena kuna kisa ambacho nimekipenda kuliko vyote nilivyovisoma katika habari hii. Mwaka 1881 daktari Mjerumani Walther Hesse alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin. Walikuwa wakiotesha bakteria juu ya jelatini, na walipata tabu mbili: jelatini iliyeyuka katika joto ambalo bakteria walilihitaji, na bakteria wengine waliila na kuigeuza maji. Mkewe Fanny, mzaliwa wa New York, ambaye alimsaidia kazini na kumchorea picha, alimwambia atumie agari. Yeye aliijua jikoni. Alijifunza kwa jirani wa Kiholanzi aliyekuwa ameishi Java, na aliitumia katika jeli zake kwa sababu haikuyeyuka wakati wa kiangazi. Agari ikaingia maabara na mpaka leo haijatoka. Koch aliitaja mwaka 1882 bila kumtaja aliyeitoa. Nami nilipokisoma kisa hiki niliona kwamba tabu za maabara ya Berlin zilikuwa tabu zangu zote mbili: joto la nchi yangu, na kimeng'enya cha nanasi langu. Kwa kuwa agari si protini, bromelaini haina la kuifanya. Na kwa kuwa huhitaji joto la karibu nyuzi 85 ndipo iyeyuke, pai yaweza kukaa mezani umeme ukiwa umekatika, jambo ambalo jelatini, inayoanza kulegea karibu na nyuzi 30, haiwezi kulivumilia.

Lakini agari si jelatini iliyobadilishwa jina. Jelatini hutosheka na maji ya moto. Agari sharti ichemke. Jelatini huganda polepole jokofuni, ndiyo maana vitabu vya zamani huagiza ungoje hadi mchanganyiko uwe mzito kama ute wa yai bichi, ndipo uchanganye povu. Ukingoja hivyo kwa agari umeharibikiwa, maana huganda ghafla ikifika nyuzi 40 hivi, tena juu ya meza, nawe utabaki na madonge. Na jelatini huyeyuka mdomoni, ilhali agari hukatika. Anayetaka ulaini ule hasa hataupata, afadhali ajue mapema.

Basi nimeibadilisha hivi. Kwa sahani moja ya pai, ponda biskuti za kawaida gramu 200, changanya na siagi iliyoyeyushwa gramu 90, kandamiza sahanini na uoke dakika kumi. Ponda nanasi upate kikombe kimoja na nusu pamoja na maji yake, ulichemshe dakika chache. Agari haihitaji hatua hii, lakini ladha huwa tulivu zaidi. Tenga mayai matatu. Viini vyake vipige na nusu kikombe cha sukari, vitie katika nanasi pamoja na kijiko kimoja kikubwa cha maji ya limau, na upike juu ya sufuria ya maji yanayotokota, ukikoroga, hadi mchanganyiko ushike mgongo wa kijiko. Katika sufuria nyingine tia robo tatu ya kikombe cha maji na vijiko viwili vidogo vya unga wa agari, chemsha dakika tatu kamili, kisha umimine katika nanasi likiwa bado la moto. Usiichemshe agari pamoja na limau, kwani ukali huidhoofisha.

Ute wa mayai ndipo kijitabu cha zamani nilipokiacha kabisa. Wao waliupiga mbichi na kuula mbichi. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Ulaya na Marekani waliona ongezeko la ugonjwa wa salmonela uliotokana na mayai, na tangu hapo wapishi wameonywa. Kwa hiyo uweke ute katika bakuli juu ya mvuke pamoja na robo kikombe cha sukari, ukoroge bila kupumzika hadi ufike nyuzi 71. Kwa hili nimenunua kipimajoto cha jikoni. Uondoe motoni, uupige kwa mchapo hadi usimame. Kisha mimina nanasi la moto kwa mchirizi mwembamba huku mtu wa pili akiendelea kupiga, mwage vyote katika sahani ya biskuti upesi, na usiguse tena. Kwa saa moja itakuwa imeshika.

Desemba iliyofuata niliipeleka karamuni. Umeme ulikatika kabla ya hotuba ya kwanza, na hotuba zilikuwa nyingi, pai ilisimama. Mwenzangu alikata kipande chembamba, akakionja, akatulia. "Mwalimu," akasema, "hii ni faluda iliyovalishwa biskuti." Akaongeza cha pili. Halafu akaniambia kwamba limau limezidi, kijiko kimoja kingetosha. Kipimo nilichokiandika hapo juu ni chake.